Plagi Nne kwenye Droo: Kumpeleka Mzee Gwakisa Kisondela

Swali lililoninyima usingizi kwa siku tatu kabla ya safari lilikuwa dogo kuliko mnavyodhani. Halikuhusu malori ya barabara kuu wala mlima wa Kitonga. Lilihusu plagi za injini ya gari. Nizibadilishe kabla ya kuondoka Morogoro, au niziache?

Gari ni la mama, mnalijua, lile dogo jeupe lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika. Dashibodi ilisoma kilometa elfu tisini na nne. Kitabu chake ni cha Kijapani, nikakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, simu ikanitafsiria: plagi zake, zenye ncha nyembamba za iridiamu, hubadilishwa kila kilometa laki moja. Kwenda na kurudi haingefika elfu mbili. Kwa hiyo bado. Lakini mimi nimesomea takwimu, na hesabu ikiwa rahisi sana huwa siiamini. Je, kama mtu aliirudisha nyuma namba ya dashibodi kabla gari halijapakiwa melini? Je, kama mmiliki wa kwanza aliweka plagi za kawaida, ambazo hazifiki hata nusu ya umri huo?

Nikauliza mafundi wawili. Wa kwanza akasema, "Kila kilometa elfu ishirini, usibishane." Wa pili akasikiliza injini, akafuta mikono, akasema, "Hii haijalalamika. Unaiamsha ya nini?" Nikafanya kile ninachofanya siku zote watu wawili wakipingana: nikawatii wote. Nilinunua plagi nne mpya, nikahakikisha namba zake zinalingana na za kwenye kitabu, kisha nikaziweka kwenye droo ya dashibodi bila kuzifunga.

Na abiria wangu ndiye aliyezidisha hofu. Mzee Gwakisa, jirani yetu anayeishi kwa binti yake, ana miaka sabini na tisa na goti la kulia lisilokunjika, ndiyo maana basi halimfai. Mjukuu wake Bupe alikuwa anaolewa Jumamosi, ibada saa saba mchana, Kisondela, karibu na Tukuyu. Baba yake Bupe alishafariki. Wa kumshika kichwa, kumbariki na kumtoa nyumbani alikuwa babu yake tu, na Bupe alishasema kwenye simu, nikisikia kwa masikio yangu: "Babu asipofika, sitoki ndani." Mama akanikabidhi ufunguo. "Ipyana," akasema, "usifikiri sana. Endesha."

Morogoro hadi Iringa

Tuliondoka Alhamisi asubuhi. Nyuma tulipakia sanduku la Mzee, kilo ishirini za mchele na sufuria kubwa yenye mfuniko, zawadi ya bibi harusi. Mzee alikaa kiti cha mbele, amekisogeza nyuma kabisa, mguu ameunyoosha, kofia ya sufu kichwani ingawa Morogoro ilikuwa inawaka.

Hadi Mikumi nilikuwa nimeshafungua boneti mara mbili. Sikuwa na ninachokitafuta. Nilikuwa naangalia tu, kama mtu anayefungua friji bila njaa.

"Imekuwaje gali?" Mzee aliuliza. Kwake yeye gari ni gali, na mzee ni msee. Sasa nami nimeanza kusema hivyo.

"Haina kitu, babu."

"Sasa mbona unaichungulia?"

Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu. Mzee alichagua kimoja kimoja, akikibonyeza na kukinusa, hadi muuza vitunguu akacheka: "Baba, unanunua vitunguu au unatafuta mchumba?" Mzee akajibu kwamba mchumba alimpata kwa muda mfupi kuliko huo. Ilituchukua karibu saa nzima.

Kisha Kitonga. Tulipoanza kupanda nikasikia mlio. Kra-kra-kra. Nikipunguza mwendo unapungua, nikikanyaga mafuta unarudi. Jasho likanitoka. Kule huwezi kusimama, malori yako nyuma yako na mbele yako, basi nilipanda mlima mzima nikiwa nimeshafanya hesabu ya namna nitakavyompigia Bupe simu. Tulipofika Ilula nikaegesha, nikafungua boneti, nikainama hadi kofia ya Mzee ikatokea dirishani.

"Gwe Ipyana! Ule mlio ni wa sufulia."

Ulikuwa mfuniko wa sufuria. Nikauzungushia taulo. Ila tayari wazo lilikuwa limeshaingia: kama sikuweza kutofautisha injini na sufuria, nitajuaje plagi zikianza kuchoka?

Iringa hadi Makambako

Tulilala Iringa kwa rafiki wa zamani wa Mzee. Tulipanga kuondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Mwenyeji akasema hatuwezi kuondoka bila chai. Baada ya chai akasema kuku ameshachinjwa. Huwezi kumwacha kuku aliyechinjwa kwa ajili yako, kwa hiyo tuliondoka saa sita mchana, tumeshiba, na mimi naangalia saa kila dakika kwa hasira.

Sasa nawaomba msome sehemu hii kwa huruma.

Makambako tulisimama kujaza mafuta. Ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji ya wazi. Gari lilikuwa zima kabisa. Lakini nikamwambia Mzee, "Dakika tano, babu, nataka tu mtu aangalie."

Fundi alikuwa mtu wa kujiamini. Sikumaliza hata sentensi ya kwanza. Alishachomoa plagi zote nne, akazipanga juu ya bampa. "Zimechoka," akasema.

"Nina mpya kwenye droo," nikasema.

Hapo angeniuliza kwa nini basi sizifungi, ningekuwa salama. Hakuuliza. Na mimi nikaanza kuwaza: nikizifunga hizi mpya sasa, mbele huko zikiharibika nitabaki na nini? Afadhali mpya zikae akiba.

"Basi hizi nakuamshia," akasema fundi. Akachukua kipande cha msasa, akasugua kila ncha hadi ikang'aa, akazigongagonga kidogo kwa bisibisi kurekebisha uwazi, akazirudisha. Injini ikawaka. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Mzee alikuwa amesinzia muda wote huo.

Chimala hadi Uyole

Tulipopita Chimala gari likaanza kumisi. Kwanza mshtuko mdogo, kama mtu aliyepaliwa na chai. Halafu mwingine. Kisha likawa linatetemeka kila nikikanyaga mafuta, na taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa.

"Hiyo siyo sufulia," Mzee akasema.

Nilipunguza mwendo hadi baiskeli mbili zikatupita kwenye kilima, na mwendeshaji mmoja akatupungia mkono kwa upole. Tulifika Uyole giza likiwa limeingia, tukachukua vyumba nyumba ya wageni ya kwanza tuliyoiona. Mzee hakunilaumu. Alisema neno moja tu kabla ya kufunga mlango wake: "Bupe ni mkaidi kama bibi yake. Kweli hatatoka."

Uyole hadi Tukuyu

Jumamosi tuliondoka kabla jua halijachomoza. Kutoka Uyole barabara inapanda na kupanda hadi Isyonje, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi. Gari lilikohoa njia nzima. Kwenye kona moja bodaboda iliyobeba magunia mawili ya viazi, abiria mmoja na jogoo ilitupita kama tumesimama. Kina mama wanaouza karoti kando ya barabara walitusikia kabla hawajatuona, wakasimama kuangalia kinachokuja.

Baada ya hapo ni mteremko, Kiwira, migomba, mashamba ya chai, na nikapata nguvu kidogo. Tulifika Tukuyu saa tatu, mvua ikiwa imeanza.

Nikamuuliza kijana wa bodaboda fundi mzuri yuko wapi.

"Gari ya koili hii? Nenda kwa Mama Subi, pale chini, banda la mabati ya kijani. Hizi injini ndiye anayezijua."

"Hapana," Mzee akasema papo hapo. "Huko hatuendi."

"Kwa nini, babu?"

"Twende kwa mwingine."

Akatazama pembeni. Nami, mnanijua, nikaanza kujenga kesi. Huyo Mama Subi lazima ni tapeli. Labda aliwahi kuharibu gari la ndugu. Labda kuna ugomvi wa shamba. Tukaenda kwa mwingine. Huyo alisikiliza injini kwa nukta chache, akasema tubadilishe koili zote nne zinazopeleka umeme kwenye plagi, pampu ya mafuta na pengine kompyuta ya gari, na kwamba vifaa vingefika kutoka Mbeya Jumatatu.

Saa tatu na nusu. Simu ya Mzee ikaita. Ilikuwa Bupe. Alimsikiliza, akasema, "Niko Tukuyu, mama, nakuja," akaikata, akabaki ameishika mkononi. 

Nikageuza gari kwenda banda la mabati ya kijani. Mzee hakunizuia. Alivuta tu kofia hadi kwenye nyusi, akageuza uso upande wa dirisha.

Banda la Mama Subi

Nilisogeza pua ya gari chini ya paa, nyuma ikabaki mvuani. Mwanamke wa makamo mwenye ovaroli la bluu alitoka akiwa ameshika spana, anatabasamu. Akafika hatua tatu kutoka kwenye gari. Akamwona abiria. Tabasamu likakatika, akageuka, akakimbia, na mlango wa mabati ukajifunga nyuma yake kwa kishindo.

Nilibaki nimeduwaa. Gari langu lilikuwa baya kiasi kwamba fundi analikimbia.

"Babu," nikasema, "umemfanya nini huyu mama?"

Mzee akakohoa. Aliongea akiangalia mvua. "Ni mke wa mwanangu wa tatu. Sisi wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Akikuona, anajificha. Ni heshima. Wengi wameacha siku hizi. Yeye alilelewa na bibi yake, hajaacha. Na mimi sitaki kuwa wa kwanza kumvunjia."

Nimezaliwa Morogoro. Jina langu ni la Kinyakyusa, lakini jambo hili sikuwahi kulisikia. Kesi yangu yote ya utapeli ikaanguka.

Nikaenda kwenye mlango wa mabati. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nilikuwa nafunga banda niende Kisondela. Kumbe bado hamjafika kule?"

"Bado, mama. Gari inamisi. Babu anaweza kushuka asogee kando—"

"Kwenye mvua hii? Na goti lile? Mwambie asishuke!"

"Basi nikifungua boneti itawaziba, hamtaonana."

"Na lile pengo la chini ya boneti? Nikiinama tu nakutana na macho yake. Hapana. Na kuwa karibu hivyo hakufai." Nikamsikia akipekua vyuma. "Mikono unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi utafanya wewe. Mimi nitakuambia."

Nikataka kueleza kwamba sijawahi kufungua hata betri ya rimoti bila kuangalia video mara tatu. Kwenye upenyo kati ya mabati mawili ukatokea mkono, ukanipa soketi ndefu ya kufungulia plagi na kitambaa.

"Injini iache ipoe kwanza. Ukifungua plagi ikiwa moto unaharibu nyuzi za tundu lake, halafu utakuja kulia."

Tulisubiri. Nilikwenda dirishani kila baada ya dakika tatu kumpa Mzee taarifa. "Mwambie fundi asikuharakishe," alisema. Nikarudi mlangoni. "Babu anasema usiniharakishe." Akajibu, "Mwambie baba sina haraka, ila harusi inayo." Nikarudi dirishani. Mzee akacheka hadi mabega yakatikisika, nami nikarudi mlangoni kumwambia Mama Subi kwamba amecheka. Nilimsikia naye akicheka huko ndani.

Nilitoa koili moja, nikapuliza uchafu, nikafungua plagi ya kwanza, nikaipeleka kwenye upenyo. Mkono ukaipokea.

"Hee. Nani kaipiga hii msasa?"

"Makambako, mama."

"Gari ilikuwa inamisi ulipofika Makambako?"

Nilijifanya nafuta soketi.

"Nakuuliza."

"Haikuwa inamisi. Nilitaka tu aangalie."

Sauti ya nyuma ya mabati ikatoka taratibu, kama mwalimu anayejitahidi asicheke. "Sikiliza. Zile plagi za kawaida ukisugua zinavumilia kidogo. Hizi za iridiamu ncha yake ni kama sindano. Haisuguliwi, haigongwi. Lete nyingine."

Nikapeleka ya pili, ya tatu, ya nne. Akanirudishia ile ya tatu kupitia upenyo. "Iangalie." Ncha haikuwepo. Ilikuwa imekatika kabisa. "Hii ndiyo inayomisi. Lakini angalia rangi ya zote huku chini. Kahawia hafifu, kavu, hakuna masizi, hakuna oili. Injini yako nzima. Hizi plagi zilikuwa na maisha bado."

"Kwa hiyo, mama, plagi hubadilishwa lini hasa?" Nilimuuliza kwa moyo wote. Ilikuwa wiki nzima nalibeba swali hilo.

"Zikifika umri uliotajwa kwenye kitabu. Au kabla ya hapo, gari likikuambia: linamisi, linawaka kwa shida asubuhi, linakula mafuta kuliko kawaida. Kitabu hakina ukurasa wa wasiwasi wa dereva."

Saa nne na robo. Nikazileta zile mpya. Nilimsomea namba, herufi kwa herufi, naye akalinganisha na ile ya zamani. "Ndizo," akasema. "Ulikuwa nazo muda wote?"

"Tangu Morogoro."



Ndipo nikaanza tena. Niliziona hesabu zikijipanga kichwani: iliyokufa ni moja. Nikibadilisha moja, nabaki na tatu mpya za akiba, na zile tatu zilizosuguliwa huenda zikafika Kisondela, ni karibu. Kwa upande mwingine, zikifia njiani je? Kwa upande mwingine nikifunga zote nne nami sijawahi kufunga hata moja, nikakosea nyuzi, hatutaondoka kabisa. Kwa upande mwingine—

"Mama, wewe ungefanyaje?"

"Mimi siko hapo, mwanangu. Wewe ndiye uliye na spana."

Nilitazama ndani ya gari. Mzee alikuwa ameivua kofia, ameiweka juu ya goti lake bovu, anaipapasa. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaisikiliza ile sauti nyuma ya mabati.

"Gwe Ipyana," akaniita kwa upole. "Mwambie mke wa mwanangu. Miaka yote nasikia kwamba ni fundi. Leo nimemsikia mwenyewe. Mwambie ndaga fijo."

Nilikwenda kumwambia kwamba baba mkwe anashukuru sana, na kwamba amesema leo amemsikia.  Kisha sauti ikasema, imebadilika kidogo, "Mwambie namshukuru. Haya, mwanangu. Tufunge."

"Zote nne," nikasema.

"Zote nne. Ianze kwa vidole tu, usitumie spana. Ikigoma kuzunguka, itoe uanze upya. Ikigusa chini, hapo ndipo uongeze nusu mzunguko. Nusu tu."

Ya kwanza ilinichukua dakika kumi. Ya nne, mbili. Nikarudisha koili, nikapanda, nikageuza ufunguo. Injini ikanguruma laini, na taa ya injini haikupepesa tena.

Mama Subi akanipitishia kipande cha boksi na kalamu. Niliandika kilometa na tarehe ya kubadilisha plagi, nikakining'iniza kwa waya kwenye injini. Zile plagi za zamani niliziacha kwenye kopo lake. Nilitamani kuondoka na moja iliyoonekana nzima. Nikaiacha nayo.

"Malipo yangu ni haya," akasema. "Asubuhi angalia oili na maji. Zaidi ya hapo, boneti hiyo usiifungue kwa hofu mpaka Morogoro."

Kisondela

Tulifika saa sita kasorobo, njia ya tope kati ya migomba na miparachichi. Bupe alikuwa kweli amejifungia. Mzee alishuka, akaenda akichechemea hadi mlangoni, akagonga kwa fimbo yake mara moja. Mlango ukafunguka, na vigelegele vikaanza kabla sijazima injini.

Baada ya ibada nikakalishwa mbele ya ndizi zilizopikwa na nyama na bakuli la maziwa mgando. Mama Subi, aliyekuja na bodaboda, alikuwa upande wa jikoni, mbali na mahali alipoketi Mzee. Aliinua mkono, nami nikainua wangu.

Habari za gari zilikuwa zimeshasambaa. Wanaume wanne wa upande wa bwana harusi walikuwa wamelizunguka. Mmoja alisema plagi hubadilishwa kila mwaka. Mwingine akasema hizo mpya ni mbaya kuliko za zamani, afadhali zichomolewe, zitazamwe. Wa tatu alikuwa tayari na bisibisi.

"Kaka," akaniita, "hebu fungua boneti tuone."

Zamani ningesimama. Niliupapasa ufunguo, ulikuwa salama mfukoni.

"Nimeshabadilisha," nikasema, na nikaomba niongezewe ndizi.